Maziwa hayaoshi salfa kifuani

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika Newala na Tandahimba, mpuliziaji hupewa pakiti ya maziwa akimaliza kazi, eti yasafishe kifua. Hayawezi. Maziwa hushuka tumboni kwa njia ya chakula, vumbi la salfa limeshapita njia ya hewa, na njia hizo mbili hazikutani huko chini. Maziwa ni lishe, anywe akipenda, ila si kinga.

Salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huwasha macho, ngozi na koo, na mwenye pumu anaweza kubanwa pumzi palepale. Kitambaa au kanga usoni huzuia chembe kubwa tu. Zile laini hupenya kitambaa na kuingia pembeni mwa pua. Vaa barakoa yenye alama ya N95 au FFP2, mikanda miwili, ubonyeze kile kibati cha puani mpaka kikae. Ndevu huacha mwanya, nyoa. Ikilowa au pumzi ikiwa nzito, badilisha.

Puliza alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, mgongo ukiwa upande upepo unakotoka. Miwani iwe ya kuziba pande zote. Salfa ikiingia jichoni usifikiche: suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15.

Na sigara? Usivute. Unga wa salfa huwaka, moshi wake ni mkali kuliko vumbi lenyewe. Kwa hiyo pia zima injini ya mashine ya kupulizia na uiache ipoe kabla ya kujaza petroli.