Kwa nini koili ya sigara ya kielektroniki huungua, na jinsi ya kuifanya idumu

Koili ni kile kipande kidogo ndani ya kifaa chenye waya unaopasha kimiminika hadi kiwe mvuke. Chukua iliyotupwa kwa sababu "imeungua", ulipasue ganda lake kwa koleo. Mara nyingi utakuta waya wa ndani ni mzima: haujakatika wala haujayeyuka. Kilichoharibika ni pamba inayouzunguka, ambayo imegeuka kahawia au nyeusi, na juu ya waya pameganda ukoko kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Waya wa Kanthal, yaani mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, hustahimili zaidi ya nyuzijoto 1,300. Pamba kavu huanza kuungua ikishapita nyuzijoto 200 hivi. Ndiyo maana karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unahusu pamba na kile inachokinywa.

Pamba hiyo kazi yake ni ya utambi. Kwenye taa ya chemli, mafuta yakiwepo kinachowaka ni mafuta; yakikauka, utambi wenyewe huliwa. Kwenye koili hakuna moto, lakini kanuni haibadiliki sana. Kimiminika kina vitu viwili vikuu: propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzijoto 188, na gliserini, inayochemka kwenye 290. Kinapogeuka mvuke huondoka na joto la waya, hivyo maadamu pamba imelowa, joto halipandi ovyo. Sehemu moja ya pamba ikikauka, joto la hapo hupanda ndani ya sekunde moja au mbili. Utahisi ladha kali ya kuungua inayokwaruza koo. Ukiihisi, achia kitufe hapohapo. Ubaya wake hauishii kwenye ladha: kimiminika na pamba vinapochomwa namna hiyo hutoa kemikali kama formaldehidi, na mvuto wa pili hautakuwa na nafuu. Pamba iliyokwisha kuungua hairudi kuwa pamba.

Koili nyingi huuawa siku ya kwanza kabisa, ndani ya dakika tano baada ya kufungwa. Tatizo hili huwapata sana waliozoea vifaa vya kutupa, ambavyo hutoka kiwandani pamba ikiwa tayari imelowa. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivyo tarehe 1 Juni 2025, na aliyehamia podi ya kujaza, yaani kifaa kidogo chenye tangi unalolijaza mwenyewe, hukutana na koili kavu kwa mara ya kwanza. Iandae hivi. Dondoshea matone manne au matano kwenye vitundu vya pembeni, mahali unapoiona pamba, na tone moja au mawili kupitia juu. Ukizidisha, koili itafurika na kukoroma. Ifunge, jaza tangi, kisha iache kwa dakika kumi. Kama kimiminika ni kizito, ipe kumi na tano. Vuta hewa mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe ili kimiminika kivutwe ndani. Kifaa kinachojiwasha kwa mvuto hakikubali hatua hiyo, kwa hiyo chenyewe kingoje tu muda zaidi. Halafu anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili, uvute mivuto kumi hivi mifupi, ndipo upandishe taratibu.

Wati ndizo zinazofuata kwa kuua koili. Juu ya ganda huandikwa ukinzani kwa omu na kiwango cha wati, kwa mfano omu 1.0 na wati 10 hadi 15. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Kwa volti 3.7, koili ya omu 1.0 hupata karibu wati 14. Ukiweka ya omu 0.4 kwa volti zilezile unapata wati 34. Ile ya pili imetengenezwa kwa waya mpana au wavu na vitundu vikubwa vya kupitisha kimiminika, kwa hiyo inastahimili. Koili ya omu 1.0 ukiisukuma hadi wati 20, waya unachemsha haraka kuliko pamba inavyoweza kuleta. Ushauri wangu ni kukaa katikati ya kiwango kilichoandikwa, au chini kidogo yake. Mvuke mwingi unaopatikana kwenye ncha ya juu hulipiwa kwa siku kadhaa za uhai wa koili.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuvuta mfululizo ni hatari hata kama wati ni sahihi. Kila mvuto unakausha sehemu ya pamba inayogusa waya, na pamba inahitaji muda kuvuta kimiminika kingine kutoka tangini. Sekunde 15 hadi 20 kati ya mivuto hutosha kwa koili nyingi. Tangi nalo lijazwe kabla kimiminika hakijashuka chini ya vitundu. Kwenye tangi la mililita 2, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya Uingereza, hilo huja upesi kuliko mtu anavyodhani, hasa kifaa kikiwa kimelazwa.

Uzito wa kimiminika lazima ulingane na koili. Koili za omu 0.8 kwenda juu zina vitundu vidogo. Zipe mchanganyiko wa nusu propilini glaikoli, nusu gliserini. Gliserini asilimia 70 ni ya koili zenye vitundu vikubwa, omu 0.5 kwenda chini. Ukiitia kwenye podi ndogo, pamba itakaa na njaa muda wote. Ukifanya kinyume, kimiminika chepesi kwenye koili kubwa, kitavuja kupitia njia ya hewa. Baridi huongeza uzito wa gliserini na joto huupunguza, kwa hiyo kifaa kilekile chaweza kuunguza asubuhi ya baridi na kuvuja mchana wa Mombasa kikiachwa ndani ya gari.

Ukoko una chanzo chake: utamu. Vimiminika vingi vya ladha ya keki, peremende na matunda huwekwa sukralozi, kitu cha kutia utamu badala ya sukari. Hii haigeuki mvuke vizuri kama vile vingine. Joto huivunja, ikabaki kwenye waya ikiwa nyeusi na ngumu. Ukoko huziba njia ya joto, pamba ya karibu huanza kuungua, ladha inafifia, mtu anapandisha wati, na ukoko unaongezeka. Koili inayodumu wiki mbili kwa kimiminika kisicho na utamu inaweza kufa ndani ya siku tatu kwa kile kitamu sana. Rangi ni dalili ya kusaidia, kwani chenye rangi nzito ya kahawia mara nyingi huacha mabaki mengi. Usiongeze sukari wala asali nyumbani, na mafuta ya aina yoyote ni marufuku: kwenye mapafu mafuta huleta madhara makubwa.

Kuosha? Koili ya kiwandani sioni faida yake. Maji ya moto huondoa ladha ya zamani, lakini ukoko hubaki umeshikilia waya, na pamba ya ndani huchukua siku nzima au zaidi kukauka. Koili za kujitengenezea ni habari nyingine. Hizo unatoa pamba yote, unapasha waya kwa wati chache na mibonyezo mifupi, unausugua kwa brashi ndogo, unausuuza, kisha unaweka pamba mpya. Kipimo cha pamba ni mkono wako: ipite ndani ya koili kwa kubana kidogo bila kuuvuta waya kutoka mahali pake. Ikibana sana hainywi, ikilegea, huvuja. Waya wa chuma cha pua usiufikishe kuwa mwekundu.

Kabla ya kutupa koili, hakikisha kosa ni lake. Ukinzani unaoruka-ruka kwenye kioo, au kifaa kusema hakuna koili, mara nyingi ni uchafu kwenye pini. Futa pini na kitako cha koili kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, acha vikauke, kisha kaza tena kwa vidole tu. Mlio wa kukoroma ni dalili ya kufurika: toa koili, ipulize kupitia juu ukiwa umeishika kwa karatasi ya kufutia, na ukague oringi, yaani pete ya mpira inayozuia kuvuja. Oringi iliyopasuka huingiza hewa tangini, kimiminika kikamwagika kwenye pamba bila mpangilio, na koili mpya nayo itakoroma vilevile.