BCD ya Jaketi, ya Mgongoni au ya Bamba: Pima Kabla Hujanunua

Msimu wa wageni unakaribia na ofisini kwetu, sisi tunaokagua vifaa vya kuzamia, malalamiko yameshaanza kumiminika, na safari hii mengi ni ya BCD, yaani kile kivazi chenye mfuko wa hewa ambacho mzamiaji anakijaza au kukitoa upepo ili aelee au ashuke. Mwanafunzi kapewa jaketi, limejazwa upepo likampanda mpaka masikioni. Mgeni kapaa kutoka mita 15 bila kutaka. Divimasta, yule anayeongoza wazamiaji, anagombana na mwenye kituo cha uzamiaji kwamba yeye hazami tena na "jaketi la kujifunzia", anataka ya bamba. Tunaamini wengi wenu hamfanyi kusudi, tatizo ni kwamba watu wanachagua kwa kusikia, huyu kasema hii nzuri na yule kasema ile ya kisasa, hakuna aliyepima.

Nianze na lile linalonichosha. BCD sio laifu jaketi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1809, ambacho utakikuta kwenye lebo ya BCD nyingi zinazoletwa huku, kinahusu kifaa cha kumsaidia mzamiaji kujiweka sawa majini, hakiahidi kwamba mtu aliyezimia atageuzwa uso ukae juu. Hilo halibadiliki uwe umenunua ya bei gani. Sasa unaingia kwenye boti unamuuliza nahodha laifu jaketi ziko wapi anakuonesha BCD zimening'inia, anasema hizi hapa. Hapana jamani, hizo ni za kuzamia, za kuokolea ziwe pembeni, zitoshe kila aliyemo, pamoja na baharia na yule kijana anayepokea mitungi ya hewa.

Haya, aina zenyewe. Jaketi ndo mnalolijua wote, mfuko wake wa hewa unakuja mpaka ubavuni na mbele. Wanaosema limepitwa na wakati wanasema tu, ni kweli kampuni ya Scubapro walilitoa 1971, lakini kabla yake watu walikuwa wanavaa mfuko shingoni, na mpaka leo mwanafunzi ukimuweka juu ya maji ndani ya jaketi anakaa wima, kichwa nje, anamsikiliza instrakta wake bila kuhangaika. Lina mifuko, ni rahisi kuvaa. Kasoro yake ni kwamba likijaa linabana kifua, na kule chini hewa inahamahama kufuata ulivyolala, kwa hiyo ambaye hajazoea anaishia kuzama kasimama, miguu chini.

Na hii miguu chini sio suala la mapozi. Pita Mnemba, kile kisiwa kaskazini mashariki ya Unguja, siku yenye boti nyingi uangalie chini, mzamiaji aliyesimama wima kila akipiga mapezi anapiga matumbawe au anatimua mchanga unaokwenda kuyafunika, na matumbawe mengine yanaongezeka sentimita chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo tunapowaambia vituo kwamba divimasta na wapiga picha wazoee BCD ya mgongoni, hatuwapigii debe wauzaji.

Ya mgongoni hewa yote inakaa nyuma, kando ya mtungi. Ukizama unalala vizuri bila kujilazimisha, kifua kiko huru. Ila ukifika juu ukaijaza mpaka mwisho kwa mazoea ya jaketi, inakusukuma mbele, uso unaingia majini. Kipindi cha kusi upande wa mashariki, mawimbi yanakuja usoni na boti bado iko mbali, hiyo sio raha hata kidogo. Dawa yake ipo na ni ndogo, tia hewa ya kutosha kuelea tu, egemea nyuma kama umekaa kwenye kiti cha uvivu, halafu kilo moja au mbili za risasi (vile vyuma vya kuongeza uzito) zihamie kwenye mifuko ya nyuma karibu na mtungi. Ukikaa hivyo maji yanakuacha. Wengi wanairudisha dukani kabla ya kujaribu hili.

Ya bamba ni ndugu ya hiyo ya mgongoni, ila imegawanyika vipande: bamba la chuma au alumini, mkanda mmoja mrefu unaopita mabegani, kiunoni na kati ya miguu, na mfuko wa hewa nyuma. Inakaa mwilini haichezi, mkanda ukichakaa unabadilisha mkanda peke yake, mfuko ukitoboka unabadilisha mfuko. Bamba la chuma lina kilo kama mbili na nusu mpaka tatu, maana yake risasi kiunoni zinapungua. Lakini fikiria, uzito wa bamba huwezi kuuachia ukipata dharura, hivyo usikubali kila kilo uliyonayo iwe ya aina ambayo haidondoki. Anayesafiri kwa ndege achukue la alumini. Na sio ya kila mtu. Mwanafunzi wa siku ya kwanza akivalishwa mikanda isiyorekebishwa kwa mwili wake atapoteza somo zima anahangaika kutoa bega.

Sasa hapa ndo penyewe, na naomba wenye vituo msome mara mbili. Kinachopaisha watu sio aina ya BCD, ni risasi zilizozidi. Kuna dhana imeenea kwamba mgeni asiyezama haraka muongezee kilo, tena mbili, akazame tuwahi. Chukua mtu aliyezidishiwa kilo 4. Ili asizame kama nanga inabidi abebe lita 4 za hewa zaidi ndani ya BCD muda wote. Yuko mita 20, anapanda kufuata kasa mpaka mita 10, presha imeshuka kutoka bar 3 mpaka bar 2, zile lita 4 zimekuwa 6, hajagusa kitufe lakini anasukumwa juu kwa kilo 2, anapanda tena kidogo zinaongezeka tena, na kwa hofu anabonyeza cha kujazia badala ya cha kutolea. Kasi inayofundishwa na wengi ni mita 9 kwa dakika, yeye kaiacha mbali na pale pa kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka juu kapapita hapaoni.

Mtungi wa alumini wa lita 11 kwenye bar 200 una hewa ya kilo mbili na nusu na ushee, kwa hiyo mwisho wa mzamo mtu ni mwepesi kuliko mwanzo. Ndo maana tunasisitiza upimaji wa risasi ufanyike na mtungi uliobaki bar 50: toa hewa yote kwenye BCD, vuta pumzi ya kawaida uishike, tulia usipige mapezi, maji yaje usawa wa macho, ukitoa pumzi uanze kushuka taratibu. Ukishuka kama jiwe, punguza.

Kwa sababu hiyo hiyo wale mnaonunua BCD kwa kuangalia ipi ina nguvu kubwa ya kuinua, acheni. Maji yetu ya nyuzi 25 mpaka 29, suti ya milimita 3, mtungi mmoja, mfuko wa kilo 13 mpaka 18 unakutosha. Mfuko wa mitungi miwili ukifungwa kwenye mtungi mmoja unapepea pembeni, hewa inajificha kwenye mikunjo haitoki pale unapotaka itoke. Leven Bank kaskazini ya Unguja au Kinasi kule Mafia, mkondo ukichanganya hutaki kitu kinachopepea mgongoni.

Saizi. Vituo vingi vinanunua M na L kwa kuwafikiria wageni, halafu vijana wetu na mabinti wanaojifunza, ambao wengi ni wembamba, wanavalishwa L na kufungwa mkanda wa tumbo mpaka mwisho. Kupima ni dakika moja: mvalishe, funga mtungi, simama nyuma yake unyanyue mtungi juu. Jaketi likipanda mtu akabaki chini, ni kubwa. Kisha ijaze mpaka valvu ya usalama ipige, mwambie avute pumzi ndefu, akishindwa ni ndogo au mikanda imebanwa kabla ya kujaza. Wanawake waliokata tamaa na jaketi linalobana kifuani wajaribu ya mgongoni au zile zilizokatwa mahsusi kwa mgongo mfupi.

Kuhusu ukaguzi, maana simu ni nyingi. Mkaguzi akifika anaanza na daftari la matengenezo, sio vifaa. Kila BCD iwe na namba ya seriali iliyoandikwa daftarini, tarehe ya mwisho ya sevisi, na saini ya fundi aliyeifanya, sio saini ya meneja. Namba isiyosomeka inahesabika haina namba. Baada ya hapo anachagua mwenyewe vipande, ninyi hamchagui, zinajazwa mpaka zikaze na kuachwa, zikilegea zinaingizwa kwenye maji kutafuta mapovu. Inflata, yaani ule mpira wenye vitufe vya kujazia na kutolea hewa, inabonyezwa na kuachiwa mara kadhaa, ikiendelea kuingiza hewa baada ya kuachiwa hiyo haijadiliwi, inafungwa lebo nyekundu papo hapo na haikodishwi mpaka ikaguliwe upya. Vilevile mifuko ya risasi ya kuchomeka, ikiponyoka kwa kuvutwa kidogo tu, lebo nyekundu, kwa sababu mzamiaji akidondosha kilo 3 akiwa mita 15 hakuna wa kumshika. Lebo anaiondoa mkaguzi peke yake. Kituo kitakachoiondoa chenyewe kinaandikiwa barua, nakala inakwenda kwa mtoa kibali, na uzamiaji wote unasimama, sio wa ile BCD moja. Tafadhali msitume mtu kuja kuomba tulimalize kienyeji.

Inflata nyingi tunazofungia hazijaharibika kiwandani, ni chumvi. Kusuuza nje na mpira wa bustani hakutoshi. Mimina maji yasiyo na chumvi kupitia mdomo wa inflata, kama theluthi ya mfuko, tikisa upande huu na ule, igeuze utoe yote kupitia kwenye mpira na valvu ya chini, bonyeza vitufe maji yakipita, halafu ianike kivulini ikiwa na hewa kidogo ndani. Na mkanda wa mtungi ulowanishe kabla ya kukaza, nailoni ikilowa inaachia, mtungi unateleza ukishafika majini.

Wenye BCD zilizokaa stoo tangu msimu uliopita zileteni kabla boti hazijaanza kujaa, na daftari lake, mtungi mmoja wenye hewa, na mtu anayeivaa kila siku, sio dereva wa gari.