BGP ni nini, na kwa nini intaneti yote inaitegemea

Intaneti haina ramani kuu. Hakuna ofisi, kompyuta wala kampuni inayozijua njia zote na kuamua data ipite wapi. Kilichopo ni mitandao zaidi ya 70,000, kila mmoja na mwenyewe, nyaya zake na maslahi yake: kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, vyuo vikuu, mabenki, makampuni makubwa kama Google na Amazon. Ukifungua ukurasa uliohifadhiwa kwenye seva iliyo bara jingine, data huvuka mitandao kadhaa isiyo na bosi mmoja, na bado hukufikia ndani ya muda mfupi sana. Kinachowezesha hilo ni itifaki iitwayo BGP (Border Gateway Protocol), yaani utaratibu ambao mitandao huutumia kuambiana ni anwani zipi zinafikika kupitia kwa nani.

Kila mtandao wa aina hii una namba yake, inayojulikana kama namba ya AS (Autonomous System, yaani mtandao unaojitawala). Google inatumia 15169, Facebook 32934. Mtandao una pia makundi ya anwani za IP uliyogawiwa, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, iliyo mpakani mwa mtandao huunganishwa na ruta ya mtandao jirani, kisha zinaanza kupeana habari. Habari yenyewe ni fupi: kundi hili la anwani linafikika kupitia kwangu. Jirani akilipokea tangazo hilo na kulikubali, huongeza namba yake na kulipeleka kwa majirani wengine, nao huongeza zao. Tangazo likifika upande wa pili wa dunia huwa limebeba orodha ya mitandao yote liliyopitia. Orodha hiyo ndiyo njia, na data inayokwenda kwenye anwani zile huifuata kinyumenyume.

Orodha hiyo ina kazi ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya BGP iliyobuniwa kwa akili kuliko zote. Mtandao ukiiona namba yake wenyewe tayari imo kwenye tangazo, hujua kwamba tangazo limezunguka na kurudi lilikotoka, na hulitupa. Kanuni hiyo moja ndogo huzuia njia zinazojizungusha zenyewe kuenea, na hakuna anayelazimika kuiona picha nzima.

Matangazo yakishapokewa, ruta husema tu kilichobadilika, pamoja na ujumbe mfupi wa mara kwa mara wa kuonyesha kwamba bado iko hai. Ikinyamaza kupita muda uliowekwa, jirani hufuta njia zote alizozisikia kwake na kutumia nyingine anazozijua. Ndiyo sababu kebo ya baharini inaweza kukatika na barua pepe zikaendelea kufika, ingawa kwa kuzunguka mbali.

Maelezo mengi husema BGP huchagua njia fupi. Si hivyo hasa. Urefu wa orodha huangaliwa, lakini kabla yake huja matakwa ya mwenye mtandao, na matakwa hayo mara nyingi yanahusu fedha. Mtandao una jirani za aina tatu: wateja wanaoulipa, watoa huduma wa juu unaowalipa, na wenza ambao hubadilishana nao data bila kulipana. Tuseme anwani fulani inafikika kwa njia zote tatu. Kwa kawaida mhandisi huwa ameiagiza ruta ichague njia ya mteja kwanza, kisha ya mwenza, na ya mtoa huduma wa juu iwe ya mwisho, hata kama ndiyo fupi kuliko zote. Kwa hiyo data inayokwenda mji wa jirani inaweza kupitishwa nchi ya mbali na kurudi, si kwa hitilafu ya mitambo, bali kwa sababu mitandao ya miji hiyo miwili haina makubaliano ya kubadilishana data papo hapo. Vituo vya kubadilishana data, ambako mitandao mingi huunganishwa kwenye jengo moja, hujengwa kwa ajili ya kuondoa mizunguko kama hiyo.

Kuna kanuni nyingine inayoizidi nguvu hata hiyo ya fedha. Ruta ikiwa na njia mbili zinazoihusu anwani ileile, moja ya kundi kubwa na nyingine ya kundi dogo lililomo ndani yake, daima hufuata ile ya kundi dogo. Dogo huhesabiwa kuwa na habari mahususi zaidi. Bila kanuni hii mtandao mkubwa usingeweza kugawanya anwani zake na kuzielekeza sehemu tofauti. Lakini hapohapo ndipo penye udhaifu, na ulionekana wazi tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube izuiwe ndani ya nchi. Pakistan Telecom ilitekeleza amri hiyo kwa kutangaza kwamba kundi la anwani 256 za YouTube liko kwake, ili data iishie hapo. Tangazo hilo lilikusudiwa kubaki nyumbani, lakini likavuka mpaka hadi kwa mtoa huduma wake wa Hong Kong, PCCW, ambaye alilipitisha kwa dunia bila kulihoji. YouTube yenyewe ilikuwa inatangaza kundi la anwani 1,024 lililokuwa na zile 256 ndani yake. Dogo likashinda. Kwa zaidi ya saa mbili, sehemu kubwa ya dunia iliyotaka YouTube ilipelekwa Pakistan na kupotelea huko. Wahandisi wa YouTube walijibu kwa kutangaza nao kundi lilelile la 256, kisha makundi madogo zaidi ya 128, hadi PCCW ilipoliondoa tangazo lile la kosa.

Hakuna aliyevunja mfumo siku ile. Kila ruta ilifanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba BGP, kama ilivyobuniwa, haiulizi kama anayetangaza anwani ana haki nazo. Husikia, huamini, hupitisha.

Tabia hiyo inaeleweka ukiangalia ilikotoka. Mwezi Januari 1989, kwenye mkutano wa wahandisi wa intaneti uliofanyika Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walichora mpango wake wakati wa chakula cha mchana, kwenye karatasi za kufutia mikono. Itifaki iliyotangulia ilidhani kwamba mitandao yote hushuka kutoka kwenye uti wa mgongo mmoja, na ilikuwa inaelemewa mitandao ilipoanza kuunganika kwa njia nyingi zinazokatana. Wale wawili walitafuta dawa ya haraka kwa jumuiya ambayo wahandisi wake wengi walijuana kwa majina. Toleo la nne, lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1990, ndilo tunalolitumia hadi leo. Wakati huohuo orodha ya njia imevimba hadi takriban milioni moja kwa anwani za IPv4, aina ya zamani ya anwani za IP, peke yake. Ilipovuka takriban 512,000, tarehe 12 Agosti 2014, ruta nyingi za zamani ziliishiwa nafasi kwenye kumbukumbu na huduma zikayumba sehemu mbalimbali.

Makosa si hatari pekee. Aprili 2018, wezi walitangaza anwani za seva za majina za Amazon, yaani kompyuta zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, wakawaelekeza waliotafuta tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, MyEtherWallet, kwenye nakala ya bandia, na kuiba fedha zao. Inafaa kujua kwamba vivinjari vya waathirika vilionyesha onyo kwamba cheti cha kuthibitisha tovuti hakiaminiki, na walioibiwa ni waliolipuuza wakaendelea. Usimbaji wa tovuti ulibaki imara hata njia ilipotekwa.

BGP inaweza pia kumfuta mtu kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021, wakati wa matengenezo, amri moja ilikata miunganisho kati ya vituo vya data vya Facebook. Seva zake za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, ziliondoa matangazo yao ya BGP, kama zilivyopangwa kufanya zikijihisi mbovu. Seva zilikuwa bado zinawaka, lakini dunia haikuwa tena na njia ya kwenda kwao. Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka kwa karibu saa sita, na wahandisi walilazimika kwenda vituoni wenyewe, kwa kuwa mtandao ambao wangeutumia kurekebisha mambo wakiwa mbali ndio huohuo uliokatika.

Dawa inayosambaa sasa inaitwa RPKI. Mwenye kundi la anwani huweka hati yenye sahihi ya kidijitali kwenye shirika linalogawa anwani katika eneo lake, kama AFRINIC kwa Afrika au RIPE NCC kwa Ulaya, ikisema ni namba ipi ya AS inayoruhusiwa kulitangaza. Ni kama hati ya kiwanja: anayedai kuuza huombwa aonyeshe karatasi. Ruta iliyowekewa ukaguzi huu hulinganisha kila tangazo na hati zilizopo na kulikataa linalopingana nazo. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya njia za IPv4 zilikuwa zimepata hati, na hayo ni maendeleo makubwa kwa kazi ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuilazimisha duniani kote. Lakini hati haimsaidii mtu kama majirani hawaisomi. Mtandao unaopokea matangazo bila ukaguzi huendelea kuamini kila kitu.

RPKI pia huangalia tu mwanzo wa njia. Mdanganyifu anaweza kuweka namba halali kwenye mwanzo huo na yake ikaifuata, akajifanya jirani wa mwenye anwani, na ukaguzi ukampitisha. Kwa hilo kunaandaliwa nyongeza iitwayo ASPA, ambamo kila mtandao huwataja watoa huduma wake wa juu, ili njia isiyowezekana ibainike na kukataliwa. Kwa upande wa RPKI, tangu 2020 Cloudflare ina tovuti iitwayo Is BGP Safe Yet inayompima mtoa huduma wako: kivinjari hujaribu kuifikia anwani iliyotangazwa kwa makusudi kinyume cha hati yake, na ikifikika, mtoa huduma huyo hakagui. Jibu likiwa hilo, una swali la haki kabisa la kumpelekea.