Maji ya Mwanza hayafiki nyuzi 120

Juzi niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali: jagi la umeme la wati 2,000 lina lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 25. Likiwashwa dakika tano, maji yatafika nyuzi ngapi? Karibu nusu ya darasa waliandika 120.

Hesabu waliifanya vizuri. Wati moja ni jouli moja kila sekunde, hivyo kwa sekunde 300 zimeingia jouli 600,000. Kilo moja ya maji inahitaji takribani jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Hilo ndilo joto mahususi la maji. Kilo moja na nusu itahitaji 6,300. Gawanya 600,000 kwa 6,300, unapata 95. Jumlisha na zile 25.

Hiyo 4,200 ni kubwa kweli. Kilo ya mawe yetu haya, kama ya pale Bismarck, miamba iliyo ziwani hapa Mwanza, inatosheka na jouli 800 hivi. Ndiyo sababu mojawapo ya jiwe kuunguza nyayo saa nane mchana huku maji ya ziwa yaliyo kando yake ni vuguvugu tu.

Tatizo ni kwamba kanuni ile inafaa maji yanapopanda joto, si yanapogeuka mvuke. Na Mwanza hata 100 hatufiki. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyoyakandamiza maji, ni ndogo, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria inayotokota mbele yao: kikafika 96 kikaganda hapo. Nikaongeza moto, mapovu yakazidi, kikabaki palepale.

Kwa hiyo kutoka 25 hadi 96 ni nyuzi 71, yaani jouli 447,300. Zinazobaki, 152,700, zinageuza maji kuwa mvuke, na kwa kuwa kilo moja inadai jouli milioni 2.26 kugeuka, tunapoteza gramu 68 hivi. Mama anayepika maharage akichochea moto baada ya kuchemka anaunguza mkaa bure. Hayataiva upesi zaidi.

Kwa hesabu, jagi lingechemka baada ya dakika 3 na sekunde 44. La kwangu nyumbani lilichukua dakika 4 na sekunde 12. Hizo sekunde 28 zilipasha jagi lenyewe na hewa ya jikoni.