Taimingi ya Honda kuukuu: maneno ya kijiweni na mambo ya ndani ya injini

"Taimingi ikienda mbele, nguvu inaongezeka." Imani hii imetoboa pistoni nyingi. Taimingi ni wakati plagi inapopiga moto, na kwenda mbele ni kuuwahisha. Plagi hupiga moto kabla pistoni haijafika juu kwa sababu petroli huchukua muda kuwaka, na msukumo mkubwa unatakiwa uikute pistoni imeshaanza kushuka. Ukiwahisha mno, moto unaikuta ingali inapanda. Kiki inakurudishia mguu, na ukipakia mzigo injini inagonga kama changarawe kwenye kopo. Pikipiki iliyowahishwa Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, huenda isilalamike kule. Ikishuka Malindi hewa ni nzito, silinda inajaa zaidi, kugonga kunaanza. Fuata alama ya kiwanda, bara na pwani.

"Basi ichelewe, ndiyo salama." La. Moto wa kuchelewa unamalizikia kwenye ekzosi: shingo ya bomba inabadilika rangi, injini inachemka, petroli inaliwa bure.

"Pengo la pointi ni jambo moja, taimingi ni jingine." Kwenye Honda C70 za pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka ili plagi ipige moto, sahani ya koili haizungushwi, kwa hiyo pengo ndilo taimingi. Ukilipanua, pointi zinafunguka mapema, ukilibana, zinachelewa. Kipimo ni mm 0.3 hadi 0.4.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha fungua kifuniko cha kushoto. Zungusha magneto, lile gurudumu la sumaku, kinyume cha saa mpaka pointi ziachane kabisa, pima kwa fila geji (kibati cha kupimia pengo) ya 0.35, rekebisha, kaza skrubu. Pima tena, maana skrubu ikikazwa huivuta pointi kidogo. Sasa zungusha polepole upande uleule: pointi zianze kuachana pale alama ya F ya kwenye magneto inapokutana na alama ya kwenye bodi ya injini. Si T; T ni pistoni ikiwa juu kabisa, na wengi wanaopanga kwa haraka hukosea hapo. Zikiwahi kuliko F, bana pengo, zikichelewa, panua. Kama F haipatikani bila kutoka nje ya 0.3 na 0.4, kisigino cha pointi, kile kinachosukumwa na kemu (kinundu cha shafti) ili zifunguke, kimeshalika. Nunua nyingine.

"Balbu na betri itakuonyesha, itazimika zikifunguka." Kwenye magneto haizimiki, inafifia tu, kwa kuwa umeme unapata njia nyingine kupitia koili. Chomoa kwanza waya wa koili kwenye pointi. Au tumia karatasi ya sigara: ibane katikati ya pointi, ivute taratibu huku ukizungusha. Inapoteleza, hapo ndipo zilipofunguka.

"Alama ya magneto haidanganyi." Hudanganya kii ya nusu mwezi, kile kichuma kinachoishika magneto kwenye shafti, ikikatika, kwa kawaida baada ya nati kulegea, magneto ikazunguka juu ya shafti. Ingiza kijiti kirefu cha plastiki kwenye tundu la plagi, usitumie bisibisi, uone kama T inakutana na pistoni iliyo juu kabisa. Zikipishana, acha kugusa pointi, vua magneto.

"Pointi nyeusi dawa yake msasa." Pikipiki iliyolala wiki kadhaa karibu na ufuo wa Silversands hupata utando wa chumvi na kutu, na msasa huacha chembe zinazozuia umeme. Tumia tupa laini, kisha pitisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli, na nyingine kavu. Zikirudi kuungua upesi, na cheche kubwa za buluu zinaonekana kati yake, mshukiwa ni kondensa, kifaa kinachopunguza cheche kwenye pointi.

Ukimaliza, tia tone moja tu la oili kwenye kile kipande cha sufu kinachogusa kemu. Kikikauka, kisigino kinalika, pengo linajibana, na moto unachelewa kidogo kila wiki ingawa hakuna aliyegusa skrubu.