Mageuzi ya maktaba hayaanzi na kompyuta

Wengi wetu hapa Bukavu tunaamini kwamba maktaba ya umma hugeuka siku kompyuta zinaposhushwa kwenye gari. Sivyo. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua, na kiumbe hakikui kwa kuvishwa nguo mpya. Nimeona kompyuta zikikaa mwaka mzima chini ya kitambaa, umeme ukija usiku wakati mlango umefungwa, huku daftari la kuazimisha likibeba kazi yote. Kiongozi makini huanza na daftari hilo: hutafuta majina ya walioazima mara moja wasirudi tena, kisha huuliza kilichowafukuza.

Mara nyingi kilichowafukuza ni faini, nayo inatetewa na dhana iliyokita mizizi kuliko zote, kwamba bila faini vitabu vitapotea. Maktaba ya umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewa mwezi Oktoba 2019, na vitabu vilivyokuwa vimelala majumbani vikaanza kurudi kwa wingi. Anayepoteza kitabu bado hulipia gharama yake, lakini akikirudisha, deni linafutika. Nilipata kuelewa jambo hili siku mtoto wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, alipoleta kitabu kilichofunikwa vizuri kwa gazeti, akakiweka mezani na kusema dada yake anaogopa kuja mwenyewe. Kitabu kilikuwa kizima kabisa. Tuliyekuwa tumempoteza ni msomaji.

Wapo pia wanaosema kwamba jengo likishapatikana, mengine yatajipanga. Andrew Carnegie, ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, hakuamini hivyo: kwa kawaida aliutaka mji wa Marekani uahidi kutoa kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi, ili kuwe na mishahara, vitabu na matengenezo.

Kuhusu wafanyakazi wa zamani, ambao husemwa kuwa ndio wanaokwamisha mabadiliko, naona tunawaonea. Anayepinga mara nyingi ni yule aliyesikia uamuzi ukutani, kwenye tangazo lililokwisha kutiwa saini. Mzee mmoja tuliyemdhania mgumu ndiye aliyetueleza, siku alipoulizwa kwa mara ya kwanza, kwamba wanafunzi hufika saa kumi jioni wakati sisi tunafunga saa tisa, na kwamba yeye yuko tayari kubaki na ufunguo.