Ugonjwa wa kijenetiki si lazima uwe wa kurithi

Daktari akisema "tatizo la mtoto ni la kijenetiki", wengi wetu tunasikia "la kurithi", na papo hapo msako unaanza: limetoka kwa kina baba au kwa kina mama? Shangazi aliyekuwa akiongea peke yake anakumbukwa ghafla. Lakini maneno hayo mawili hayana maana moja, na sijui mfano unaoyatenganisha vizuri kuliko hali iitwayo 22q.

Jina hilo ni anwani tu. Ndani ya seli zetu kuna kromosomu 46, nyuzi za DNA zinazobeba jeni, yaani jozi 23, na kila moja ina mkono mfupi, p, na mkono mrefu, q. Mwenye 22q amepungukiwa kipande kidogo kwenye mkono mrefu wa moja ya kromosomu zake za 22, mahali paitwapo q11.2. Kwa wengi ni herufi kama milioni 3 za DNA, zenye jeni arobaini na kitu. Hutokea kwa mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, kwa hiyo si jambo la ajabu hata kidogo.

Kipande kinapoteaje? Aliyehifadhi Kurani anaujua mtego wa aya zinazofanana. Unasoma vizuri, unafika kwenye maneno ambayo yako pia huko mbele, ulimi unarukia kule, na za katikati umeziacha bila habari. Kromosomu ya 22 ina mtego wa namna hiyo: huku na huku mwa eneo hilo kuna mifuatano ya DNA inayofanana mno. Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kromosomu hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Mfuatano ukilingana na usio mwenzake, cha katikati kinaachwa nje.

Ndiyo maana takriban watoto tisa kati ya kumi wenye 22q wana wazazi ambao kromosomu zao ni kamili. Si mama alichokula, si damu ya ukoo fulani. Huyo wa kumi ndiye aliyerithi, na mara nyingine mzazi wake anajua kwamba naye anayo siku mtoto anapopimwa, kwa kuwa dalili zake zilikuwa nyepesi. Ila hapa pana jambo la kuangalia: mtoto ambaye hakurithi anaweza kurithisha. Akikua na kuzaa, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu.

Dalili zake ni nyingi na hazifanani: moyo wenye kasoro, kaakaa lililopasuka, kinga dhaifu, kalsiamu ya chini inayoweza kuleta degedege. Angelo DiGeorge, daktari wa homoni huko Philadelphia, Marekani, alieleza mwaka 1965 kuhusu watoto wachanga waliokosa tezi fulani za shingoni na kifuani, na kwa muda mrefu hali hii ilibeba jina lake. Baadaye, watoto walipotibiwa moyo wakakua, yakaonekana ya upande wa akili: kuchelewa kusema, hofu nyingi, kukosa umakini, usonji kwa baadhi. Ukubwani, karibu mmoja kati ya wanne hupata skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, au maradhi ya jamii yake, ilhali kwa watu wote kwa jumla skizofrenia humpata kama mmoja kati ya mia.

Hapo ndipo daktari wa akili na mtaalamu wa jenetiki wanapohitajiana. Hospitali ya watoto ya Philadelphia, iliyoanzishwa mwaka 1855 ikiwa ya kwanza ya watoto nchini Marekani, ina kituo cha 22q ambacho mkurugenzi wake, Donna McDonald-McGinn, ni mshauri wa jenetiki.

Mshauri wa jenetiki hatibu. Anachora ukoo wa vizazi vitatu, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, anawaeleza wazazi majibu ya vipimo, na pengine kazi yake kubwa kuliko zote ni kumwondolea mama hatia aliyoibeba miaka. Daktari wa akili naye akijua kwamba mgonjwa ana 22q anatibu kwa namna nyingine. Kijana akija na wasiwasi wa ghafla, atapima kalsiamu kwanza, kwa sababu ikishuka nayo huleta wasiwasi. Akilazimika kutumia klozapini, dawa ya skizofrenia, ataanza na kiasi kidogo na kupandisha taratibu, kwa kuwa kwa watu hawa hatari ya kifafa ni kubwa zaidi.

Na kama umeshapewa karatasi inayosema kromosomu za mtoto ni za kawaida, uliza zilipimwaje. Kipimo cha kuzitazama kwa darubini mara nyingi hukiruka kipande hiki kwa udogo wake. Kinachokiona ni kipimo kiitwacho FISH, kikielekezwa hapo hapo, au maikroarei, inayopekua kromosomu zote kwa mpigo.